Nani aliwaambia drafti bila hela hainogi? Mmetuharibia vijiwe

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie, anayetaka nukta na mkato akasome gazeti.

Kuna kijiwe huku Temeke nimekaa tangu 2009, kibaraza cha mzee mmoja nyuma ya kituo cha daladala. Muuza kahawa na dele lake, kashata, benchi mbili, bao la mninga limepauka kwa mikono ya watu, na ubao wa drafti tuliouchora wenyewe kwa maki peni kwenye kipande cha plaiwudi, kete vizibo vya soda, wewe wako wanaangalia juu mwenzio wake wamelala. Hela yote uliyohitaji ni ya kahawa. Ukifungwa unampisha mwingine na unasemwa mpaka basi, hiyo ndo ilikuwa adhabu. Mimi kinyozi mmoja alinipiga sita bila, nikaitwa Baba Sita mwezi mzima, mpaka watoto wa shule wakipita "shkamoo Baba Sita". Pumbavu zao.

Mke mwenyewe nimempata pale pale. Mpwa wa mzee alikuwa analeta vitumbua jioni, nikajifanya namfundisha bao, aisee, akanifunga mkononi! Wanaocheza bao wanaijua hiyo aibu, una kete 22 za kuingiza moja moja, bado mko kwenye namua, hatua ya kuingiza kete, mtaji wenyewe, yaani hatua ya pili, hamjaufikia, mtu keshakukausha mstari wa mbele huna hata kete. Sikuwahi kumtumia meseji ya "mambo" hata moja, nilikuwa narudi kesho yake kuomba marudiano. Nilipopeleka posa mjomba wake aliulizwa huyu kijana yukoje, akajibu akifungwa huwa anacheka, basi, yakaisha.

Sasa njoo leo. Walianza na mikeka ya kubeti mpira, watu wamekaa benchi lile lile ila kila mtu kainamia simu anasubiri kona ya timu ambayo hata jina hawezi kulitamka. Kuna dogo wa form two anabeti kwa laini ya kaka yake na sheria inasema miaka 18, nani anamkataza? Mwingine kamwambia demu wake mkeka ukitiki ndo watatoka, yule binti anasubiri tangu Ramadhani iliyopita.

Halafu akatokea mjuaji mmoja, eti kwenye drafti tuweke hata buku watu wawe siriasi. Siriasi! Nani alikuja pale kuwa siriasi? Buku ikawa tano, tano ikawa msimbazi, utani ukafa, maana huwezi kumzomea mtu aliyeliwa hela ya unga.

Kinachoniuma ni hiki. Nina mshikaji wangu Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu halali kabisa. Mama alipofariki 2014 tulienda kuzika Kisarawe, huyu jamaa akaingia kaburini akakaa chini akagoma kutoka, eti bibi huyu alikufa na deni langu la mihogo, hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe. Ndugu wakamchangia vihela ndo akatoka. Nilicheka siku ile wakuu, nacheka huku nalia, na sijui bila yeye ningeimalizaje.

Jumamosi iliyopita mkeka wake ulichanika asubuhi, akaja kutafuta fidia kwenye drafti. Kaweka 5,000. Nikamwambia rudisha hela mfukoni tucheze tu, hataki, na mimi mjinga nikaweka yangu. Katikati ya gemu kashika kete kaipeleka kaiachia, kuangalia vizuri kumbe namla tatu naingia kingi, anataka kuirudisha. Zamani ningesema rudisha mwanangu, bado unajifunza. Siku hiyo nikasema ukishika umecheza. Kapindua ubao, vizibo vyote mtaroni, halafu akamtaja mama yangu. Yule yule mama. Na hakuwa anatania, nilimwangalia usoni.

Msije hapa na "kila mtu na hela yake". Hela sawa ni yake, kijiwe je? Mzee mwenyewe amefunga kibaraza, kanikabidhi lile bao kasema ondoka nalo baba, hawa watakuja kuuana hapa.

Wife anasema nimpigie jamaa, mimi nasema apige yeye, na elfu kumi yetu iko kwa muuza kahawa mpaka leo hakuna aliyekwenda kuichukua.

Mwenye kujua kijiwe Temeke au Mbagala ambacho bado wanacheza bila dau anitajie, nakuja na bao langu na kete 64, nimezihesabu zote zipo.