Tarehe ya kupanda tumbaku: ipangwe kwa sheria au aachiwe mkulima?

Jicho la Shamba: Zimbabwe, sheria inakataza kusia kitalu cha tumbaku kabla ya Juni 1 na kupandikiza kabla ya Septemba 1. Mabua ya msimu uliopita yanatakiwa yawe yameteketezwa ifikapo Mei 15. Naunga mkono utaratibu wa aina hiyo popote mashamba yanapopakana. Bua likiachwa baada ya mavuno huchipua, na machipukizi hayo hulisha vidukari na kuhifadhi virusi hadi miche mipya iote.

Kikonyo: Kwa mabua sina ubishi, mkuu. Ninachopinga ni kumpangia mtu siku ya kupandikiza. Ukiwahi, unabadilisha mdudu tu. Nondo wa kiwavi cha kilele hufuata shamba lililotangulia kukua. Kiwavi mchanga hujificha kwenye kilele na kutoboa jani likiwa bado dogo kama ukucha. Jani likitanuka, tundu nalo linatanuka. Ukichelewa, wanakusubiri vidukari na kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani, yule anayemaliza jani na kubakiza mshipa wa kati.

Mpima Majani: Kweli, ila hasara hazilingani. Kagua mimea 50, ukiichukua sehemu mbalimbali za shamba, si ukingoni tu. Mitano ikiwa na kiwavi cha kilele kabla ya vikonyo vya maua kuonekana, piga dawa. Vikishaonekana, mara nyingi dawa hailipi, maana utakata maua karibuni. Kwa vidukari, kiwango ni mimea mitano kati ya 50 yenye vidukari 50 au zaidi kwenye jani mojawapo la juu. Wa pembe, hesabu waliozidi sentimita 2.5. Ukimkuta amebeba vifuko vyeupe mgongoni kama punje za mchele, mwache: nyigu ameshamtagia, anakula kidogo sana, na watano wa hivyo huhesabiwa kama mmoja.

Aliyewahi kupanda huwahi pia kukata maua na kuondoa maotea, yaani machipukizi ya pembeni, na vidukari hukosa majani laini. Mimi ningewahi, mradi udongo uwe umepata joto. Mche unaodumaa kwenye udongo wa baridi ni chakula cha sota, yule kiwavi anayekata miche.

Jicho la Shamba: Nawe Kikonyo, jirani yako akipanda wiki sita nyuma yako? Vidukari wenye mabawa watatoka kwako na kutua kwake, tena na virusi.

Kikonyo: Anayetegemea mvua atapandaje kabla haijanyesha? Sheria ya hivyo inampendelea mwenye umwagiliaji. Ibane ncha mbili, kusia na kung'oa mabua, katikati pawe huru. Hata hapo, Mei 15 hadi Juni 1 ni siku 17 tu. Aliyechelewa kung'oa kwa wiki mbili ameshaziba karibu pengo lote.

Mpima Majani: Tena "kung'oa" kusomwe hivyohivyo. Wengi hufyeka bua na kuacha kisiki, na kisiki kinachipua upya. Plau ifukue mizizi, ikauke juani. Faida ya pili: buu aliyejizika ardhini, ambaye ndiye nondo wa yule wa pembe msimu ujao, hupondwa au huliwa na ndege. Sasa niambieni, shamba lililotelekezwa na mwenyewe hayupo, nani anaingiza plau humo, na kwa gharama ya nani?