Mrejesho: Sindano za mofini za mama
Nawashukuru mlionijibu nilipouliza kama sindano za mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) anazochomwa mama yangu, mgonjwa wa saratani hapa Moshi, zingeweza kumzuia kupumua. Muuguzi alinieleza kwamba hatari hiyo ipo, hasa dozi ikizidi au dawa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, na ndiyo maana baada ya sindano huhesabu pumzi zake na kuangalia kama anaamka kwa urahisi akiitwa, huku naloksoni, inayoondoa nguvu ya mofini, ikiwa karibu. Kinachomsumbua zaidi, kwa kweli, ni kufunga choo; ameandikiwa dawa ya kukilainisha. Sasa amehamishiwa mofini ya maji, ambayo dozi yake ya kunywa ni kubwa kuliko ya sindano, kwa hiyo daktari amekokotoa kipimo upya.