Mpangaji wangu anasema yuko kitengo (Usalama wa Taifa), miezi minne hajalipa kodi. Nifanyeje?

Binti_Kizuiani: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri ila matusi wekeni pembeni. Mama yangu ana nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, mimi ndo nasimamia kodi. Mwezi wa pili kaja jamaa mmoja mpole, kaunda suti imepigwa pasi hadi inakata, kalipa miezi mitatu. Ilipoisha, kimya. Nikamgongea, akanivuta hadi pale kwenye karo la kufulia akaniambia kwa sauti ya chini "dada, mimi niko kitengo, kuna kazi ya taifa mtaa huu, usiwaambie wapangaji". Akafungua waleti nikaona picha na bendera tu, akafunga. Toka siku hiyo mama anaogopa hata kumdai hela ya Luku, na kodi ni elfu 70 kwa mwezi, piga hesabu. Usiku anaongea na simu koridoni "mkuu, mzigo nimeuona" mpaka watoto wa chumba cha mwisho wanaamka. Hivi majasusi ndo walivyo? Nikimtolea vyombo nje si nitapotea?

Kisu_Butu: Jasusi wa chipsi mayai huyo 😂 taifa zima linashindwa kuchangia Luku?

Fundi_Saa: Dada tulia nikueleze maana watu wanachanganya sana haya mambo. Kuna afisa na kuna mtoa habari. Afisa mwenyewe mara nyingi haibi kitu, kazi yake ni kumtafuta mtu aliye karibu na siri, karani, sekretari, fundi kompyuta, mwenye shida ya ada au kinyongo na bosi wake, anamzoea taratibu, soda leo, kamkopo kesho, mpaka yule anajikuta anatoa makaratasi. Na kukutana wanakwepa, mzigo unaachwa mahali mwingine anaokota. Yule Aldrich Ames wa CIA, majasusi wa Marekani, aliyekuwa anawauzia Warusi alikuwa anachora alama ya chaki kwenye sanduku la posta pale Washington, Warusi wakipita na gari wanajua tayari. Kilichokuja kumtia mashakani ni matumizi, nyumba kalipa keshi dola 540,000, anaendesha Jaguar, mshahara wa serikali! Wakamdaka 1994.

Eli Cohen wa Israel aliishi Damascus kama mfanyabiashara mwenye hela zake, akawa anakula na wakubwa wa Syria. Alidakwa Januari 1965 akiwa anatuma ujumbe kwa redio, Mei wakamnyonga. Sasa huyo wako anarusha matangazo koridoni. Na 2010 Marekani walikamata Warusi 10 kwa mpigo, wengine baba na mama kabisa wenye watoto shule, kuna familia ya New Jersey majirani walikuwa wanasifia maua ya bustani yao. Umenielewa? Jasusi hataki mwenye nyumba awe na sababu ya kumgongea mlango. Analipa kodi kabla hujamkumbusha.

Halafu kwetu hapa sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 inalinda hata majina ya hao maafisa yasijulikane, yeye kajitangaza kwenye karo la kufulia.

Mzee_wa_Keko: Fundi kaongea vizuri ila binti, usimtolee vyombo nje kwa mkono wako, awe tapeli awe nani. Mkataba unao? Mpe notisi ya maandishi, nenda kwa mjumbe, kisha serikali ya mtaa, uende na mtu mzima. Kujifanya mtumishi wa serikali ni kosa la jinai, ikibidi polisi wapo. Na mama asiongee naye peke yake tena.

Binti_Kizuiani: Mrejesho wakuu. Mjumbe kaja jana jioni, jamaa akataka kumvuta kwenye karo na yeye 😅 mjumbe akagoma, akamwambia leta hicho kitambulisho nikishike nisome. Eti kakiacha ofisini. Leo asubuhi kabla sijaamka kamkabidhi mama elfu 70, kasema posho ya oparesheni imetoka.

Kisu_Butu: Mwambie mkuu wake bado laki mbili na kumi. Na Luku.