Naomba ushauri: programu yangu ya mtihani ilikamata kipanya na kibodi, kisha ikakataa kuviachia

Mwalimu wa Maabara

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya kata mkoani Morogoro, na maabara yetu ina kompyuta 18 za mitumba zinazotumia Linux yenye eneokazi la Xfce. Mwaka huu niliandika programu ndogo ya mtihani wa kuchagua jibu kwa Python, nikatumia Tkinter kutengeneza madirisha na vitufe. Kilichonisukuma ni jambo ambalo kila mwalimu wa maabara analijua: mwanafunzi akikwama kwenye swali hubonyeza Alt na Tab, akaingia kwenye kivinjari, akarudi na jibu kabla mimi sijafika mwisho wa chumba.

Kwanza niliweka grab_set, amri inayofanya dirisha moja likamate mibonyezo yote ya programu, kwenye dirisha la mtihani, lakini haikuzuia chochote nje ya programu yenyewe. Nikaona ipo na grab_set_global, inayokamata mibonyezo ya skrini nzima, nikaijaribu. Mara ya kwanza ilitoa hitilafu ya kwamba dirisha bado halijaonekana, nikatanguliza wait_visibility, ikakubali. Jioni ile nilipoijaribu peke yangu, kubonyeza nje ya dirisha hakukuzaa kitu, na Alt na Tab vilikuwa kama havipo. Nililala nimeridhika.

Kesho yake niliwakalisha kidato cha pili. Mwanafunzi wa kwanza kumaliza alibonyeza Wasilisha, kikatokea kidirisha cha kuuliza kama ana uhakika, chenye vitufe vya Ndiyo na Hapana. Akabonyeza Ndiyo, na kitufe hakikushuka hata kidogo. Akabonyeza Hapana, kimya. Akajaribu Enter, akajaribu Esc, kimya. Mshale wa kipanya ulitembea vizuri juu ya skrini nzima, ila hapakuwa na kitu kilichousikia. Nilipokuwa bado nimeinama kwenye kompyuta yake, wenzake wanane nao walikuwa wameshabonyeza Wasilisha. Nilizima kompyuta tisa kwa kushikilia kitufe cha umeme, na majibu yao, ambayo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu yakisubiri hiyo Ndiyo, yalipotea yote.

Naomba mnisaidie kujua kosa liko wapi, na kama njia hii ya kukamata kipanya na kibodi ndiyo inayofaa kwa kazi ninayoitaka.

Fundi wa Madirisha

Pole sana, Mwalimu. Kabla sijasema lolote naomba uniwekee mistari inayounda madirisha hayo mawili, na jibu unalopata ukiandika amri ya echo $XDG_SESSION_TYPE.

Mwalimu wa Maabara

Ahsante, ndugu yangu. Amri inajibu x11, yaani madirisha yangu yanaonyeshwa na mfumo wa X11. Dirisha la mtihani nimeliunda kwa Toplevel(mzizi), na hilo ndilo lenye grab_set_global. Kidirisha cha uthibitisho nimekiunda kwa Toplevel() bila kuweka kitu ndani ya mabano. Kikishatokea, ninavizima vitufe vyote vya dirisha la mtihani ili mtu asibadilishe jibu, kisha ninasubiri kwa wait_window.

Fundi wa Madirisha

Kosa liko kwenye hayo mabano matupu. Dirisha linapokamata, Tk, ambayo ndiyo injini iliyo chini ya Tkinter, huruhusu matukio ya kipanya yafike kwenye dirisha hilo na kwa watoto wake katika ukoo wa madirisha, na si penginepo. Toplevel isiyotajiwa mzazi huwa mtoto wa dirisha la mzizi, kwa hiyo kidirisha chako cha uthibitisho ni ndugu wa dirisha la mtihani, si mwanawe. Kilitokea juu, kilionekana, lakini kwa mujibu wa Tk kilikuwa upande wa nje wa ukuta. Kibodi nayo ilikuwa imekamatwa na dirisha la mtihani, ndiyo maana Enter na Esc hazikufika. Na kwa kuwa dirisha la mtihani lenyewe ulikuwa umezima vitufe vyake, ukawa na chumba kilichofungwa ambacho ufunguo wake uko nje. Andika Toplevel(mtihani), na kidirisha kikishaonekana kikabidhi ukamataji kwa grab_set_global yake, kisha uurudishe kinapofungwa.

Niongeze jambo moja ambalo watu wengi huliona kuwa kitu kimoja ilhali ni vitu vitatu. Lipo swali la mshale unaweza kwenda wapi, lipo swali la nani anapokea mibonyezo ya kipanya, na lipo swali la nani anapokea vitufe vya kibodi. Uliona mwenyewe kwamba mshale ulitembea skrini nzima: Tk haikuufungia mahali, ilichukua mibonyezo tu. Katika X11, amri ya XGrabPointer ina nafasi ya kutaja dirisha ambalo mshale usitoke, lakini Tk haiitumii nafasi hiyo, na kibodi inashughulikiwa na amri tofauti kabisa, XGrabKeyboard. Maktaba ya SDL, inayotumiwa na michezo mingi na pia na Pygame, ilitenganisha mambo haya waziwazi tangu toleo la 2.0.16, ikaweka amri moja ya kipanya na nyingine ya kibodi. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikamata dirisha zima, kisha wakashangaa kwa nini Alt na Tab bado vinafanya kazi.

Bi Terminali

Mwalimu, ungekuwa umeniuliza mapema ningekuokolea majibu ya wale watoto, kwa sababu nimewahi kujifungia hivyohivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mara ya kwanza nilikuwa ninatafuta kosa kwenye menyu ya programu yangu, nikasimamisha programu katikati ya mstari kwa kitatuzi wakati menyu ikiwa wazi. Menyu inapokuwa wazi katika X11 huwa imekamata kipanya na kibodi. Programu ikasimama, ukamataji ukabaki, na kitatuzi kilikuwa kwenye dirisha lingine la skrini ileile, kikisubiri niandike amri ambayo sikuweza kuiandika.

Seva ya X, yaani programu ya X11 inayosimamia skrini, kipanya na kibodi, huondoa ukamataji wenyewe pindi muunganiko wa programu iliyokamata unapokatika. Kwa hiyo hukuwa na haja ya kuzima kompyuta. Ungebonyeza Ctrl, Alt na F3, ungepata skrini nyeusi ya maandishi, kwa sababu vitufe hivyo hushughulikiwa na seva yenyewe hata kama kibodi imekamatwa. Ungeingia kwa jina lako na kuiua programu kwa pkill, na skrini ingerudi kuwa hai. Majibu yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yangepotea vilevile, hilo sikufichi, ila kwa hilo wa kulaumiwa si ukamataji. Jibu linapaswa kuandikwa kwenye diski pale linapochaguliwa. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, imo tayari ndani ya Python, na mstari mmoja kwa kila swali unatosha.

Unapoendelea kuiandika, usiijaribu kwenye skrini unayoifanyia kazi. Sakinisha Xephyr, uianzishe kwa Xephyr :2 -screen 1024x768, kisha uiendeshe programu yako ukiwa umetanguliza DISPLAY=:2. Hiyo ni seva ya X iliyo ndani ya dirisha, na programu ikikamata kila kitu itakuwa imekamata kila kitu cha humo ndani tu. Mimi huongeza pia mzizi.after(20000, mzizi.destroy) siku za majaribio, ili hata nikijifungia, baada ya sekunde 20 mlango ufunguke wenyewe. Mstari huo uondolewe kabla ya mtihani, la sivyo utakuwa na kisa kingine cha kutusimulia hapa.

Kijana wa Kariakoo

Kwa maoni yangu shida yote hii inatokana na Linux. Ukihamia Windows kuna ClipCursor, ambayo inaufungia mshale ndani ya mstatili unaoutaka, na kuna ndoano ya kibodi ya WH_KEYBOARD_LL inayokuwezesha kumeza Alt na Tab kabla hazijafika kokote. Nimezitumia kwenye programu ya mauzo dukani na zimenifaa.

Fundi wa Madirisha

Zinafaa dukani, ndugu, kwa sababu mwenye duka hana nia ya kutoka. ClipCursor inahusu mshale peke yake, na kwa kuwa mshale ni mali ya programu zote, programu nyingine yoyote inaweza kuufungua. Ndoano inameza Alt na Tab, ila Ctrl, Alt na Delete haimezi, kwa sababu Windows imeweka vitufe hivyo makusudi nje ya mikono ya programu za kawaida, ili mtu awe na hakika kwamba skrini ya nywila anayoiona ni ya mfumo wenyewe.

Mzee wa Seva

Nimesoma yote haya na ninakubaliana na marekebisho ya Fundi, lakini Mwalimu aliuliza pia kama njia yenyewe inafaa, na swali hilo bado halijajibiwa. Jibu langu ni kwamba haifai.

Ukamataji ulitengenezwa kwa ajili ya menyu, ili ukibonyeza pembeni menyu ifungwe. Na kwa ajili ya kuburuta kitu kutoka dirisha hadi dirisha. Na kwa michezo ambayo mshale ukitoka nje ya skrini mchezaji anapigwa risasi. Haukutengenezwa kumzuia mtu anayetaka kutoka. Hata wale waliojenga programu za kufunga skrini juu yake waliona taabu. Fungua menyu yoyote kwenye eneokazi la X11 uiache wazi, kisha subiri muda wa skrini kujifunga ufike: mara nyingi haitajifunga, kwa sababu menyu imeshakamata na seva inamjibu mfungaji kwamba tayari yupo mwingine. Kwenye Tk jibu hilo hutokea kama hitilafu ya kwamba programu nyingine imekamata, na ninaamini siku moja Mwalimu atakutana nayo asubuhi ya mtihani. Mnamo Januari 2012 ilibainika kwamba katika baadhi ya kompyuta zenye toleo la wakati huo la X.Org, ambayo ndiyo seva ya X inayotumika kwenye Linux, mtu aliweza kubonyeza Ctrl, Alt na kinyota cha upande wa tarakimu, ukamataji ukavunjwa na kifunga skrini kikaondoka bila nywila kuulizwa.

Wayland, ambayo kidogo kidogo inachukua nafasi ya X11, imeukataa mtindo huu. Huko programu haikamati, inaomba. Kuna itifaki ya kuomba mshale ufungwe ndani ya dirisha, nyingine ya kuomba njia za mkato za kibodi zisimamishwe kwa muda, na anayesimamia skrini ndiye mwenye kukubali au kukataa. Vivinjari vimefuata njia hiyohiyo: ukurasa unaweza kuomba kuufunga mshale, na mtumiaji akibonyeza Esc anatoka. Kwa hiyo, Mwalimu, siku utakapohamishia kompyuta hizo kwenye mfumo unaoanza na Wayland, kama Ubuntu inavyofanya tangu toleo la 21.04, grab_set_global yako haitayagusa madirisha ya Wayland yenyewe.

Kinachokupasa ni kuacha kumzuia mwanafunzi asihame, na badala yake uondoe mahali pa kuhamia. Tengeneza faili la mtihani.desktop ndani ya /usr/share/xsessions, na kwenye mstari wa Exec uelekeze kwenye hati inayoanzisha programu yako peke yake, bila Xfce, bila kisimamizi cha madirisha, bila kitu kingine chochote. Tengeneza na mtumiaji wa mtihani anayeingia kwenye kikao hicho. Alt na Tab si kazi ya seva ya X, ni kazi ya kisimamizi cha madirisha, na kisipokuwepo vitufe hivyo havina maana kwa mtu yeyote. Programu ikifungwa, kikao kinaisha na skrini ya kuingia inarudi. Ctrl, Alt na F3 vinaweza kuzimwa kwa DontVTSwitch kwenye mipangilio ya Xorg, lakini mimi ningeviacha, kwa kuwa huko mwanafunzi atakutana na ombi la nywila, na wewe utakuwa na mlango wako wa nyuma aliokuonyesha Bi Terminali.

Mwalimu wa Maabara

Nimefuata maelezo ya Mzee na ukamataji nimeuondoa wote. Programu inafunguka kwenye kikao chake, lakini dirisha limejibana kwenye kona ya juu kushoto, dogo, halina fremu wala kichwa, na agizo la kujaza skrini nzima halitii. Kidirisha cha uthibitisho nacho kinatokea kwenye kona hiyohiyo.

Mzee wa Seva

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Fremu, kichwa cha dirisha na kujaza skrini nzima ni kazi za kisimamizi cha madirisha, nawe umemwachisha kazi. Soma upana na urefu kwa winfo_screenwidth na winfo_screenheight, kisha uweke vipimo hivyo mwenyewe kwenye geometry.

Bi Terminali

Na hicho kidirisha cha uthibitisho kisiwe dirisha tena. Kifanye Frame ndani ya dirisha lilelile la mtihani, ukiweke katikati kwa place. Hakitakuwa na mzazi wa kusahau, na hakitatokea mahali usipopataka. Bila kisimamizi cha madirisha kibodi kwa kawaida hufuata mahali mshale ulipo, hivyo dirisha likiwa moja tu lililojaa skrini, herufi haziwezi kupotea njia.

Mwalimu wa Maabara

Leo tumefanya mtihani kwenye kompyuta zote 18, na majibu yote yameingia kwenye SQLite, yakiwemo ya kompyuta moja iliyozimika katikati kwa sababu waya wake umelegea. Tuliiwasha, mwanafunzi akaendelea na swali la 14. Binti mmoja alinyosha mkono kuniambia kwamba kibodi yake ni mbovu. Nilipomuuliza ni kitufe gani hakifanyi kazi, alinyamaza kidogo, akasema ni Tab.

Kijana mwingine aliifikia ile skrini nyeusi ya F3, sijui kwa kujua au kwa kubahatisha. Nilimrudisha kwa Ctrl, Alt na F7, dirisha la mtihani likawa palepale alipoliacha. Swali lililobaki ni la saa: ningependa muda wa mtihani uonekane juu ya dirisha na uhesabiwe kutoka kompyuta yangu badala ya kompyuta ya mwanafunzi. Nitalifungulia uzi wake.