Mtu mmoja akipandisha video nyumba nzima inakwama, shida ni nini?

Swali
Wakuu naombeni msaada. Nikipima spidi iko poa, ila mtu mmoja ndani akianza kupandisha video basi aliye kwenye simu ya video anakatika katika na hata kurasa nyepesi hazifunguki. Pingi, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, inatoka milisekunde 20 inafika 1,800. Pakiti, yaani vipande vya data vinavyotumwa, hazipotei hata moja, sasa mbona zinachelewa hivyo? Ninunue kifurushi kikubwa zaidi?

Jibu la 1
Mkuu shida ndo hiyo, hazipotei. Chukulia unamimina maji kwa ndoo kwenye faneli, shingo inapitisha kiasi chake tu, yanayozidi yanapanda juu. Faneli ikiwa kubwa kama beseni maji hayamwagiki, ila tone lililoingia sasa hivi litasubiri yote yaliyolitangulia. Hilo beseni ndo bafa ya modemu, yaani sehemu ya kumbukumbu ambako pakiti zinasubiri zamu ya kutumwa. Piga hesabu, bafa ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde ikijaa inachukua kama sekunde 2 kuisha, na hiyo 1,800 yako haiko mbali na hapo.

Halafu TCP ya kawaida, yaani utaratibu unaotumika kutuma data nyingi mtandaoni, inajua imezidisha pale tu pakiti inapopotea, kwa hiyo bafa ikimeza kila kitu mtumaji anaona kuko shwari anazidi kumimina.

Jibu la 2
Naongezea, maana watu wakisikia hivi wanataka kufuta bafa kabisa na hilo ni kosa. Watu 10 wakifika dirishani kwa mpigo, wakahudumiwa wakaisha, foleni hiyo imefanya kazi yake. Mbaya ni ile ya watu 20 wanaosimama pale kutwa nzima, kila akitoka mmoja anaingia mwingine, dirisha halihudumii watu wengi zaidi kwa sababu yao ila kila anayekuja anaanza nyuma ya 20. Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012 walileta CoDel, njia ya kudhibiti foleni ya pakiti, na kwangu uzuri wake uko hapa, haihesabu urefu wa foleni, inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukikaa juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo inaanza kudondosha pakiti mojamoja, mtumaji anashtuka anapunguza. Kuna fq_codel pia, hiyo ni CoDel inayoupa kila mtiririko wa data foleni yake, mwenye swali moja hakai nyuma ya mwenye mafaili 200.

Usinunue kifurushi kwanza, washa SQM, yaani mpangilio wa ruta unaodhibiti foleni kwa njia kama fq_codel, kama ruta yako inayo, weka kama asilimia 90 ya spidi uliyopima.

Muuliza swali
Nimewasha, video inapanda na pingi haivuki 35, asanteni sana wakuu. Ila mbona nijipunguzie spidi niliyolipia?

Jibu la 2
Kwa sababu foleni inajipanga pale penye shingo nyembamba. Ukiacha spidi yote shingo inakuwa kwenye modemu na ruta yako haina la kufanya, inatuma tu foleni inajaa mbele. Ukiibana kidogo shingo inahamia kwenye ruta, na huko ndo fq_codel iko. Jaribu kupanda taratibu 92, 95, pingi ikianza kuruka rudi nyuma.