Naomba ushauri: povu la kopo kwenye tanki la samaki, juu limekauka ndani linanata

Bangwe_Kgm
Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma, Mwanga. Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi.

Mwaka jana nilikuwa na tanki la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300. Nililipanga mawe ya ziwani mpaka karibu na juu. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wanajua, wengi wa samaki hao ni wachimbaji wa mchanga. Alfajiri moja nikasikia kishindo. Walikuwa wamechimba chini ya jiwe kubwa, jiwe likaangukia kioo cha mbele, maji yote sebuleni. Tropheus wawili, aina ya samaki wa ziwa letu, niliwaokota chini ya kochi wameshakufa. Iliniuma sana, nilikuwa nao tangu wakiwa wadogo kama kidole.

Kwenye tanki jipya, la ukubwa ule ule, nimeamua ukuta wa nyuma uwe mawe ya bandia. Nimelaza tanki chali nikapuliza makopo mawili ya mililita 750, lile povu ambalo mafundi wa aluminiamu wanazibia mapengo ya fremu za madirisha. Limeumuka kama andazi, sehemu nyingine limefika unene wa sentimita 12. Leo siku ya tano. Juu gumu, ukigonga linalia ko ko. Lakini nimechoma kisu, kimetoka na utando wa njano unaonata kama ulimbo, na harufu inauma pua.

Je, hii ni sumu kwa samaki? Nisubiri au ning'oe? Na juu yake nipake nini lifanane na jiwe?

FundiVioo_Tabora
Pole kwa hao samaki, mkuu. Umepuliza nene mno kwa mara moja, basi. Povu la kopo linakauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu unaingia kutokea nje. Ngozi ya juu ikishafunga, ndani panakosa unyevu na panabaki pabichi muda mrefu. Inatakiwa upulize tabaka la sentimita tatu hivi, unyunyize maji kwa chupa ya kupulizia, usubiri liwe gumu, ndipo uongeze jingine.

Lililokauka kabisa halina shida kwa samaki. Hatari iko kwenye hilo bichi, lina isosayaneti, kemikali inayowasha pua na ngozi. Usilishike kwa mikono mitupu na fungua madirisha yote. Tena angalia kopo: kama limeandikwa la kuzuia moto, povu lake mara nyingi huwa la rangi ya waridi, usiliweke tankini kabisa. Hayo yana dawa za ziada.

MamaNuru
Naongezea hapo, ndugu yangu. Gesi inayosukuma hilo povu inashika moto. Kama unapulizia ndani na jiko la mkaa liko mlango wa pili, zima kwanza. Na ukianza kulichonga vaa barakoa, lile vumbi ni jepesi, watoto wasikae karibu.

Mwambao_Tanga
Mimi nafuga maji ya chumvi, nina ukuta wa povu mwaka wa nne sasa. Wote mnaongelea sumu. Sumu ukisubiri inaisha. Kinachoangusha watu ni kwamba povu LINAELEA.

Piga hesabu na mimi. Ukuta wako ni 120 kwa 50, tuseme unene wa wastani ni sentimita 8. Hiyo ni lita 48. Povu lenyewe halifiki kilo mbili, lakini ukijaza maji litasukumwa juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 45. Ni kama mfuko wa simenti unaovuta kwenda juu, usiku na mchana, bila kupumzika. Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa umeshika kioo vizuri tu, mwenyewe niliuvuta kwa mikono miwili haukutikisika. Wiki ya tatu usiku ukabanduka, ukainua mfuniko na taa, na mawe ya matumbawe niliyokuwa nimeyapachika yakaanguka juu ya samaki.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningeubandua sasa hivi. Uko Kigoma, mshipi haukosi. Chukua mshipi mnene wa kuvulia, upitishe kati ya povu na kioo, vuta kama msumeno, mwenzako ashike upande wa pili. Utatoka mzima. Mgongo wake ukishapata hewa, zile sehemu mbichi zitakauka kwa siku chache. Halafu uchonge uwe mwembamba, wastani wa sentimita nne, nguvu ya kuelea inakuwa nusu. Ndipo uurudishe kwa silikoni.

FundiVioo_Tabora
Mwambao kasema kweli. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuvu. Ya bafuni achana nayo. Na mwambie fundi wako agundishe ukanda wa kioo wa sentimita tano juu, kwa urefu wote wa kioo cha nyuma. Ukuta uingie chini ya ukanda. Hapo hata silikoni ikilegea hauna pa kwenda.

Mzee_wa_Katonga
Kijana, mimi bado nauliza. Mawe yamejaa hapa, ya bure, na samaki wenyewe wamezaliwa juu yake. Kwa nini uwawekee plastiki?

Bangwe_Kgm
Shikamoo mzee. Sikatai mawe, naogopa uzito na kuanguka. Tanki likijaa lina kilo 300 za maji tayari, juu ya meza ya mninga.

Mzee_wa_Katonga
Marahaba. Basi changanya. Mawe machache yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tanki, uweke karatasi ngumu ya plastiki chini yake, mchanga uje MWISHO kuyazunguka. Wachimbe watakavyo, jiwe halina pa kushukia. Wewe uliweka mchanga kwanza, ndiyo maana.

Mwambao_Tanga
Mzee yuko sahihi, na kuna sababu nyingine. Mawe yenye vitundu yanahifadhi bakteria wanaoondoa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Povu limejifunga, halifanyi kazi hiyo. Kwenye maji ya chumvi sisi tunategemea sana mawe, kwako filta lazima iwe nzuri.

Kupaka: kwangua ngozi ile laini yote, simenti haiwezi kushika pale. Simenti na mchanga kwa brashi, uji mwepesi kwanza, kisha nzito, matabaka matatu au manne. Kila tundu lizibwe au liwe pana kabisa, samaki mdogo akiingia nyuma ya ukuta humtoi. Halafu loweka, mwaga, loweka tena. Simenti mpya inapandisha mno pH, yaani kipimo cha ukali wa maji kama wa magadi.

MamaNuru
Hata kwa samaki wa Tanganyika? Si wanapenda maji makali?

Mwambao_Tanga
Wanapenda 9 hivi, dada. Simenti mbichi inapita 11. Hapo hapana samaki.

Bangwe_Kgm
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Mshipi umefanya kazi, mimi na mdogo wangu dakika kumi ukuta ukatoka. Nyuma kulikuwa na madoa mabichi matano, moja kubwa kama sahani. Tuliyachana kwa kisu, tukanyunyiza maji, siku ya nne yakawa magumu na harufu ikaisha. Nimechonga, nimepaka simenti mara nne, ukanda wa kioo umewekwa. Mawe ya mzee yako chini, juu ya plastiki.

Nimeloweka mara tatu. Maji ya kwanza karatasi ya kupimia iligota mwisho wa rangi. Leo imeshuka, inasoma karibu na 9. Samaki wako kwenye beseni kwa jirani. Niwarudishe kesho?

Mwambao_Tanga
Hapana. Acha maji hayo hayo siku tatu, upime kila asubuhi. Ikipanda tena, mwaga. Ikitulia, ingiza mmoja.

Bangwe_Kgm
Sawa mkuu. Naanza kupima kesho asubuhi.