Bodi ya kukata kona kwenye vijiwimbi: twintipu, sefubodi au foili?

Mtoto_wa_Paje:
Wakuu habari za jioni. Nina kilo 82, misimu mitatu nacheza kaiti (unateleza majini kwa bodi huku tiara kubwa inakuvuta) hapa Paje, Zanzibar, na twintipu ileile, bodi ya ncha mbili sawa, ya sentimita 138 kwa 42, kuruka kumenimaliza magoti sa hivi nataka kukata kona tu, zile ndefu unalalia maji mpaka mkono unagusa. Sasa bahari yetu mnaijua, maji yakijaa na upepo wa kusi umekaza humu ndani ya mwamba panakuwa na vijiwimbi vifupi vifupi, bodi inapiga pa pa pa mpaka meno yanagongana. Nawaza twintipu nyembamba yenye mpindo mkubwa (ncha zimeinuka), sefubodi, ile bodi ya mawimbi, ya futi 5 na inchi 6, au foili, ile yenye mlingoti na bawa chini ya maji. Mnasemaje?

BichiBoiMstaafu:
Foili futa mkuu. Maji ya bamvua yakikupwa watu wanatembea kwa miguu hadi karibu na mwamba, na ule mlingoti wa foili utaenda kung'oa mwani wa kina mama ukaitwe kwa sheha, mkuu wa shehia, bure. Chukua sefubodi. Twintipu ncha zote mbili sawa, inachora kona lakini haizunguki, sefubodi mapezi yote yako nyuma na mkia umechongoka, ukikanyaga nyuma inageuka yenyewe. Af ina ujazo, kijiwimbi inakipanda, haikigongi.

Shangazi_Diani:
Nusu nakubali. Huyo hajakwambia kwamba twintipu ukifika mwisho unarudi tu, sefubodi lazima ugeuze na ubadili miguu, mwezi mzima wa mwanzo utakunywa chumvi mwanangu. Na hiyo habari ya mpindo angalia vizuri, bodi bapa inaondoka hata upepo ukiwa mdogo na inapanda kuelekea upepo unakotoka bila taabu, ila kwenye maji yaliyochafuka ndiyo hiyo inayokugonga meno. Yenye mpindo ni laini ila inakula nguvu, utajikuta na kaiti ya mita za mraba 12 wenzio wako na 10. Mimi kabla ya kutoa pesa ningebadili mapezi ya hiyo 138, niweke marefu kidogo, inashika kona vizuri zaidi kwa bei ya chakula cha mchana.

KusiTuBasi:
Swali, mguu gani unatanguliza? Paje inatazama mashariki, kusi inatoka kuliani ukiangalia bahari, kwa hiyo ukirudi na wimbi mguu wa kushoto ndio mbele. Kaskazi ikiingia Disemba inakuwa kinyume. Mimi ni wa kushoto mbele, Julai nakata kona watalii wanatoa simu, Januari naonekana nimeanza jana 😂 Twintipu haina shida hiyo.

Mtoto_wa_Paje:
Kushoto mbele, asante, hiyo sikuifikiria kabisa. Basi kuna jamaa anauza sefubodi ya futi 5 na inchi 4, ila pale kinapokaa kisigino cha mguu wa nyuma pamebonyea kama kisahani cha kikombe.

BichiBoiMstaafu:
Kubonyea si ugonjwa, wanaosimama bila strapu (mikanda ya miguu) wote bodi zao ziko hivyo. Na hiyo inchi 4 nzuri, fupi inaingia katikati ya vijiwimbi. Wewe paminye na kidole gumba, pakilia kama biskuti au pakitoa maji ujue povu la ndani limeshavunjika au limelowa, mwachie mwenyewe. Pakiwa pakavu omba uijaribu saa moja maji yakijaa, sio asubuhi bahari imelala.

Shangazi_Diani:
Na umwambie atoe na mapezi yake humohumo kwenye bei.